Theluji juu ya shuka: Darasa la Tano lilivyojifunza michezo ya majira ya joto na ya baridi kwa video

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya walimu wanaokutana kwenye jumuiya za ujifunzaji chini ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu kwa Walimu Kazini. Majina ya shule, kata na wahusika yameondolewa. Mwandishi alikuwepo kama mwezeshaji, akikaa dawati la nyuma na daftari lake, na alizungumza na mwalimu kila baada ya kipindi.

Usuli

Shule ni ya msingi, ya serikali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Asubuhi mawingu yakifunguka, kilele cha Kibo kinaonekana wanafunzi wakiwa mstarini. Watoto hawa wameona theluji tangu walipojua kuona, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa. Jambo hilo lilionekana dogo mwanzoni, kumbe ndilo lililoivuruga mada.

Darasa la Tano lina wanafunzi zaidi ya 70, watatu au wanne kwa dawati. Mwalimu ana kishikwambi kimoja, kati ya vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha wakagawiwa walimu. Cha pili huazima kwa mwenzake wa Sayansi. Projekta ni ya parokia, na hutolewa siku ambazo hakuna semina. Skrini ni shuka jeupe lililopigiliwa misumari juu ya ubao. Umeme uko ofisini tu, hivyo waya wa ekstensheni hupita dirishani. Bando ni la mwalimu mwenyewe, na video hupakuliwa usiku nyumbani kwake.

Miaka iliyotangulia mada hii ilifundishwa kwa safu mbili ubaoni. Upande mmoja riadha, kuogelea, wavu wa ufukweni. Upande wa pili skii (kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu za miguuni), hoki ya barafuni, bobsledi (mbio za kigari kinachoteleza kwenye njia ya barafu). Watoto walinakili, wakakariri, wakafaulu. Mwalimu aliniambia kuna mwaka mwanafunzi wake bora alimuuliza bobsledi ni mnyama gani, na tangu siku hiyo hakuwa na raha na zile safu mbili.

Kipindi cha kwanza

Alileta video ya kama dakika kumi na mbili, mkusanyiko wa michezo ya theluji na barafu, yenye muziki mkubwa na mtangazaji wa Kiingereza. Madirisha yalifunikwa kwa vitenge. Picha ya kwanza, mtu akiruka kutoka kwenye mteremko mrefu na skii miguuni, ililipua darasa. Walishangilia, walisimama juu ya madawati, wa Darasa la Sita wakaja kuchungulia mlangoni. Mwalimu mkuu alipita, akatabasamu, akaendelea na safari zake.

Kwa macho ya mkaguzi anayepita, kipindi kile kilikuwa cha mfano. Dakika za mwisho mwalimu aligawa nusu karatasi na kazi fupi: chora mchezo mmoja wa majira ya baridi, andika unachezwa wapi na mwezi gani.

Tulizipitia karatasi pamoja ofisini. Wengi walimchora mtu anayeteleza kutoka kilele cha Kibo, na mmoja aliongeza lango la hifadhi na mlinzi. Waliojibu swali la mwezi waliandika Juni au Julai. Wachache walichora mpira wa miguu wa kawaida, wachezaji wakiwa wamevaa sweta. Mtoto mmoja alichora skii zenye injini na moshi ukitoka nyuma. Alipoulizwa kesho yake alijibu kwa utulivu, "Mwalimu, bila injini angekimbiaje vile?"

Hakuna ujinga katika majibu hayo. Kwao theluji iko Kibo, na baridi inakuja Juni na Julai, miezi ambayo kweli watoto wa huko huenda shule na sweta. Video haikuwaambia kwamba ile ni nchi nyingine yenye majira mengine. Mtangazaji huenda alisema, ila alisema kwa Kiingereza cha kasi juu ya muziki.

Uamuzi wa kusimama

Mwalimu wa taaluma alitaka mada ifungwe. Mtihani wa muhula ulikuwa unakaribia, na kwa hesabu yake watoto walikuwa wamefurahi na kuona, basi waandikiwe zile safu mbili, waende mbele. Si hoja ya kubeza. Mada zilizobaki zilikuwa nyingi, na mtihani huuliza majina tu.

Mwalimu wa darasa alikataa. Sababu aliyoitoa ilikuwa fupi: zamani watoto walikuwa hawajui, sasa wanajua kitu kisicho sahihi na wanakipenda. Akabadilishana kipindi na mwalimu wa Jiografia ili wafundishe pamoja kwa nini kuna majira ya joto na ya baridi. Akaamua pia mambo matatu kuhusu video. Sauti izimwe na azungumze yeye. Kipande kisizidi dakika moja. Na kabla ya kubonyeza, darasa liwe na swali ambalo picha italijibu.

Hapo kulikuwa na mabishano kidogo. Mwenzake aliona kuzima sauti ni kuua utamu. Mwalimu wa darasa alimjibu, "Mwalimu mwenzangu, utamu waliupata jana, na umeona karatasi." Basi ikawa hivyo.

Kipindi cha pili: tochi, mpira na mwezi wa Februari

Projekta haikuwashwa kabisa. Walimu walichukua mpira wa makaratasi, wakapitisha kijiti katikati, wakakilaza kijiti kidogo kama dunia ilivyolala kwenye mhimili wake kwa nyuzi 23.5 hivi. Tochi ya simu ikawa jua. Alama nyekundu iliwekwa Norway, ya kijani Tanzania, ya bluu New Zealand. Mwalimu wa Jiografia alizunguka na mpira kuizunguka tochi bila kubadilisha upande ambao kijiti kimeelekea. Ilipofika Desemba, alama nyekundu ikawa gizani karibu muda wote huku ya bluu ikiogelea kwenye mwanga. Upande wa pili wa mzunguko, Juni, mambo yakageuka. Alama ya kijani, iliyo karibu na Ikweta, haikubadilika sana popote ilipokuwa.

Kisha ukaja mfano ambao mimi naona ndio uliofungua darasa. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alikimbia katikati ya majira ya joto ya huko. Februari hiyohiyo ndio mwezi ambao Olimpiki za majira ya baridi huchezwa kaskazini: Sapporo 1972, Nagano 1998, Beijing 2022. Mwalimu aliandika Februari katikati ya ubao, upande mmoja Bayi na kaptula, upande wa pili mtu na koti na glavu, akauliza wote wawili wamewezaje kuwa sawa. Darasa lilinyamaza kwa muda usio wa kawaida kwa watoto 70.

Swali la Kibo lilikuja lenyewe. Mvulana mmoja aliuliza: kama sisi tuko karibu na Ikweta na hatuna majira ya baridi, theluji ya pale juu imetoka wapi? Jibu ni urefu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi sita hivi, na Kibo kina mita 5,895. Baridi ya mlima haisubiri mwezi. Kuhusu kuteleza kule, mwalimu alieleza kwamba barafu ya Kibo ni kuta na mabonge, si uwanja, na tangu 1912 sehemu yake kubwa imeshatoweka.

Mzazi na simu yake

Hili halikuwa kwenye andalio la somo. Baba wa mwanafunzi mmoja ni mpagazi, mbeba mizigo ya wapanda mlima, na mwanawe alipomsimulia darasa la theluji aliamua kuja. Alipewa robo saa. Watoto walisimama, "Shikamoo baba," naye akaitikia, "Marahaba wanangu, kaeni." Alileta koti lake la mlimani, glavu, na simu yenye video alizojirekodia mwenyewe kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu. Picha zilitikisika na hazikuwa na muziki. Ilionekana hema likiwa na ukoko mweupe alfajiri, mkono ukiupangusa na ukoko ukibanduka kama magamba, na pumzi ya mtu ikitoka kama moshi wa chai. Alisikika akimwambia mwenzake kwa Kichaga kitu ambacho nusu ya darasa ilicheka.

Koti lilipitishwa dawati kwa dawati. Wasichana wa mstari wa mbele walilivaa kwa zamu, wakalalamika kuwa ni zito. Baadaye mwalimu aliporudia picha ya mtu wa skii, mtoto mmoja alisema hilo koti lake ni jembamba kuliko la baba, mbona hagandi? Wakajadili mwili unaofanya kazi na mwili uliosimama. Swali hilo lisingekuja kwa ile video ya kwanza, hata ingerudiwa mara mia.

Kipindi cha tatu, na umeme ulipokatika

Vipande vitatu viliandaliwa. Cha kwanza kilikuwa mchezo wa kusukuma jiwe juu ya barafu, unaoitwa curling kwa Kiingereza. Jiwe lina uzito kati ya kilo 17 na 20, mchezaji hulisukuma taratibu, halafu wenzake wawili hukimbia mbele yake wakifagia barafu kwa mabrashi. Mwalimu alisitisha picha hapo. Msichana wa nyuma akauliza, "Mbona wanafagia uwanja na mechi inaendelea?" Kicheko kikubwa, maana hawa kila asubuhi ndio wanaofagia uwanja, na wanajua kufagia kuna wakati wake. Mwalimu hakujibu. Aliwaambia wasugue viganja kwa nguvu, waseme wanasikia nini. Joto. Basi brashi inaifanyia nini barafu? Wakafika wenyewe: inapasha uso wa barafu kidogo, msuguano unapungua, jiwe linakwenda mbali zaidi na linapinda kidogo kuliko ambavyo lingepinda. Kama ningetakiwa kuchagua dakika tano za kuwaonyesha walimu wengine, ningechagua hizi.

Cha pili kilikuwa Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa Kenya, aliyepelekwa Finland mwaka 1996 kwa ufadhili wa kampuni ya Nike kujifunza skii, na mwaka 1998 akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki za majira ya baridi, kwenye mbio za skii za kilomita 10 mjini Nagano. Alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari na kumkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Watoto walitaka kujua kwa nini mkimbiaji mzuri awe wa mwisho, na hapo mwalimu alisimamisha picha kwenye miguu ya wote wawili. Wa Norway anasukuma na kuteleza, hatua moja inamchukua mbali. Boit anafanya kama anakimbia, hatua fupifupi. Miguu ni hodari, mchezo ni mwingine.

Wasichana walilalamika kwamba wanaoonyeshwa wote ni wanaume. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Kipindi kilichofuata mwalimu alileta picha za Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii za mteremkoni Olimpiki za 2018 Korea Kusini.

Kipande cha tatu hakikuonyeshwa kwenye shuka, kwa sababu umeme ulikatika. Ilibidi watoto wagawanywe makundi, vishikwambi viwili vizunguke, huku makundi yanayosubiri yakichora ramani. Kulikuwa na fujo. Ila kundi lililokuwa na kishikwambi lilifanya kitu ambacho shuka halikuruhusu: walirudisha picha nyuma wenyewe, wakaisimamisha, wakabishana. Kwenye kundi moja mvulana alimwangalia mtelezaji akianguka, akasema, "Hii si ni kama ganda la mgomba?" Wenzake wakapiga meza.

Watoto wa huko hukalia ganda la mgomba na kushuka nalo kwenye majani mabichi wakati wa masika. Mwalimu alisikia, na kwa kuwa ilikuwa Aprili na kilima cha nyuma ya shule kilikuwa kimelowa, akawatoa nje. Wengine walishuka na ganda la mgomba, wengine na gunia, na walioanguka mapema wakawa waamuzi wa kushika kamba ya kupimia. Mwanafunzi mmoja alirekodi kwa kishikwambi, kisha wakaangalia kwa kasi ndogo nani alijiinamisha mbele na nani nyuma. Ganda lilishinda gunia kila mara, na sababu waliitaja bila kusaidiwa: linateleza kwa kuwa lina maji na ni laini, gunia linakwaruza.

Msichana mmoja alichubuka goti. Kidonda kilioshwa, hakikuwa kikubwa, lakini mama yake alifika kesho yake akiwa na hasira, akamwambia mwalimu mkuu kwamba hakumpeleka mtoto shule akacheze matopeni. Mwalimu mkuu, ambaye naye hakuwa ameambiwa, alikosa la kujibu.

Matokeo

Kazi ileile ya karatasi ilirudiwa wiki iliyofuata. Michoro ya Kibo ilibaki michache. Wengi waliandika nchi ya kaskazini na mwezi kati ya Desemba na Februari, na baadhi waliongeza kwa hiari yao kwamba New Zealand ni kinyume. Skii zenye injini zilitoweka. Sweta na mpira wa miguu vilibaki kwa watoto wawili watatu, ambao siku ya tochi hawakuwepo shuleni.

Kosa jipya lilizaliwa. Walipoulizwa kwa nini Juni ni joto Norway, kundi la kutosha liliandika kwamba dunia inakuwa karibu na jua.

Uchambuzi

Nianze na hilo kosa, maana lilitoka kwenye onyesho letu zuri. Mwalimu wa Jiografia alipokuwa akizunguka na mpira katikati ya madawati, nafasi ilikuwa finyu, upande mmoja alipita karibu na tochi na upande wa pili mbali. Watoto waliona mpira unasogea, na mwanga unakuwa mkali ukisogea. Wakajijengea sababu kutokana na walichokiona. Ukweli ni kwamba dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152, yaani kinyume kabisa na joto la Norway. Namba hizo mbili zinatosha kulivunja kosa, na zingefaa kuandikwa ubaoni siku ileile. Atakayerudia onyesho hili achore duara sakafuni kwa chaki na atembee juu yake.

Kuhusu video, kilichofanya kazi ni ufupi na ukimya. Picha isiyo na sauti ilimwachia mwalimu nafasi ya kuuliza kwa Kiswahili, na kipande cha sekunde hamsini kingeweza kurudiwa mara nne bila kuchosha. Ubora wa picha haukuwa tatizo: alipakua zenye ubora wa 360, zikala bando kidogo na kwenye shuka hakuna aliyelalamika. Nasema hivi kwa sababu kwenye vikao vyetu tunatumia muda mwingi kulilia vifaa, na mara chache tunaulizana video itajibu swali gani.

Shangwe ya siku ya kwanza ilitudanganya karibu sote, mwalimu mkuu akiwemo. Karatasi ile ya nusu ukurasa ndiyo iliyookoa mada. Bila hiyo, darasa lingehamia mada nyingine na theluji ya Norway ikiwa imehamia Kibo moja kwa moja. Mchoro unafaa zaidi ya swali la kuchagua jibu hapa, kwa kuwa mtoto hawezi kubahatisha mchoro. Ile injini isingeonekana kwenye jibu la (a) au (b).

Video ya mpagazi ilishinda za wataalamu kwa sababu aliyeipiga alikuwepo na angeweza kuulizwa. Walimu wa ukanda ule wana wazazi wengi wa namna hiyo, na simu zao zimejaa picha ambazo hakuna aliyewahi kuziomba. Walimu wa Pwani nao wana wavuvi na wapiga mbizi ambao wangefaa upande wa michezo ya majini. Upande huo, kwa kweli, ulipewa nafasi ndogo sana katika kisa hiki. Michezo ya majira ya joto ilichukuliwa kama kitu ambacho watoto tayari wanakijua, na hawakijui: wengi hawajawahi kuona bwawa la kuogelea lenye mistari, wala hawajui kwa nini marathoni za Olimpiki za joto wakati mwingine huanzishwa asubuhi na mapema. Bayi alitajwa, ila kama ufunguo wa Februari tu. Mimi ningegawa muda sawa.

Suala la goti halikuwa ajali tu. Kuwatoa watoto nje ulikuwa uamuzi sahihi wa kielimu uliofanywa bila taarifa kwa mwalimu mkuu na bila ujumbe kwa wazazi, ambao wangetumiwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa kwa dakika mbili. Mwalimu alimfuata yule mama nyumbani jioni, akamwonyesha video ya mwanawe akishuka mteremko na kuinuka anacheka. Mama alitulia, lakini tangu hapo mwalimu mkuu anataka kila somo la nje liandikwe kwenye andalio na asaini yeye kwanza. Wengine wanaona ni urasimu, mimi naona ana haki.

Mwisho ni mtihani. Maswali ya ndani yalikuwa yameandaliwa tayari, na lililohusu mada hii lilisema: taja michezo miwili ya majira ya baridi. Mtoto wa miaka ya zile safu mbili angelipata vilevile, hata aliyedhani bobsledi ni mnyama. Mwalimu wa darasa alipeleka swali mbadala, na baada ya mazungumzo marefu mwalimu wa taaluma alilikubali kwa alama tatu: Mwezi wa Februari, mwanamichezo mmoja anateleza kwenye theluji Norway na mwingine anakimbia juani New Zealand, eleza kwa nini, na useme kama umbali wa dunia kutoka kwenye jua ndio sababu.